Bendi Zitazame Sakafu

MSIMU wa kahawa unapopamba moto, mji wa Mbinga hubadilika sura. Magari ya mizigo hupanga foleni, maduka huchelewa kufungwa, na kwenye kuta na miti ya kando ya barabara hubandikwa matangazo ya dansi. Bendi hufunga safari kutoka Songea na miji mingine, wakati mwingine hata kutoka Dar es Salaam, zikija kuwatumbuiza watu ambao wamefanya kazi ngumu mwaka mzima katika ngoro na mashamba ya milimani, na ambao sasa wana senti mbili tatu mkononi. Hatuoni ubaya wowote katika jambo hilo. Mkulima wa Umatengo ana haki ya kustarehe kama aliyo nayo mfanyakazi wa mjini, na mvuvi wa Mbamba Bay, Liuli au Lituhi naye vilevile.

Lakini liko jambo linalotusikitisha, na tumeona si vyema kuendelea kulinyamazia. Watu wanalipa kiingilio, wanaingia ukumbini, kisha wanakaa. Wanakaa tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Ikifika saa saba za usiku waliobaki ni wale ambao wangekuwapo hata kama pasingekuwa na muziki, kwa kuwa walikuja kwa ajili ya chupa.

Msimu uliopita tulikuwa katika ukumbi mmoja mjini Mbinga usiku wa Jumamosi. Wote wanaoifahamu Mbinga wanajua baridi yake ya mwezi wa Julai. Si baridi ya kufanyiwa mzaha. Tangazo lilisema dansi lingeanza saa tatu. Lilianza saa tano kasoro robo. Bendi ilikuwa na vijana hodari, na mcharazaji wa gitaa la solo, kwa maoni yetu, ni mtu ambaye angeweza kukaa katika bendi yoyote ya nchi hii pasipo aibu. Nyimbo mbili za kwanza watu walisikiliza tu. Wa tatu ulipoanza wakainuka, kwanza wanawake wanne waliokuja pamoja, halafu jozi kumi, halafu ishirini, hata pakakosekana nafasi ya kupita. Tukasema, sasa dansi limeanza. Wimbo ule ukakatwa ghafula kabla hata jasho halijatoka. Mwimbaji akashika kipaza sauti, akawasalimu wafadhili mmoja mmoja kwa majina na vyeo, akatangaza dansi la kesho yake, akatania. Nyuma yake mpiga besi na mpiga rithimu walikuwa wakibishana ni wimbo gani ufuatao. Hayo yote yalichukua muda wa kuvuta sigara mbili. Baridi ikawaingia watu; wakayafuata makoti yao vitini, na mtu aliyekwisha kuvaa koti na kuketi si rahisi kumwinua tena. Wimbo uliofuata ulikuwa mzuri kuliko wa tatu. Waliocheza walikuwa jozi tano.

Dansi lilipokwisha tulimsikia kiongozi mmoja wa bendi ile akisema, kwa uchungu, kwamba watu wa Mbinga hawajui dansi.

Tunasema hapana. Siku chache baadaye tulikuwa katika kijiji kimoja cha mwambao, kaskazini ya Liuli, ambako palikuwa na mganda. Ngoma ilianza jua likiwa bado kali na ikaendelea hadi milima ya ng'ambo ya Malawi ilipolimeza. Hatukuona mtu aliyeketi isipokuwa wazee na akina mama wenye watoto wachanga. Watu hao ndio ndugu na jamaa wa wale waliokaa vitini mjini. Ikiwa watu wale wale wanacheza saa nne mfululizo mahali pamoja, na mahali pengine hawachezi dakika kumi, basi ni haki kuuliza kasoro iko kwa nani.

Na mganda wenyewe una ukoo na bendi. Wataalamu wa historia, miongoni mwao Terence Ranger katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma na jamii katika Afrika ya Mashariki, wameeleza jinsi beni, ngoma iliyozaliwa katika miji ya pwani kwa kuiga bendi za tarumbeta za kijeshi, ilivyosambazwa bara na askari na wapagazi wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 na baada yake. Mwambao wetu ulikuwamo katika vita hivyo tangu siku zake za kwanza. Tarehe 13 Agosti, 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Sphinxhafen, ambapo ndipo Liuli ya leo. Vita vilipokwisha, vijana wa pande zote za ziwa waliichukua bendi ile ya askari na kuifanya yao. Mahali pa tarumbeta ya shaba waliweka kibuyu kilichozibwa utando mwembamba, ambacho mtu akikiimbia ndani hutoa sauti ya ala ya kupuliza. Ngoma kubwa ikabaki, mistari iliyonyooka ikabaki, na sare na filimbi vikabaki. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba muziki wa bendi ni mgeni katika wilaya za Mbinga na Nyasa hajui asemalo. Umekuwapo hapa kwa zaidi ya miaka mia moja.

Basi mganda unafanya nini ambacho bendi zetu hazifanyi? Tumejaribu kutazama kwa makini, ingawa tunakiri kwamba kwa uchezaji wenyewe miguu yetu haina sifa. Kwanza, mpiga ngoma kubwa hatazami watazamaji wala hatazami ngoma yake. Macho yake yako miguuni mwa wachezaji. Wakianza kuchoka hapunguzi nguvu ghafula, bali hurudisha mwendo kidogo kidogo mpaka wapate pumzi, kisha huwapandisha tena. Pili, wimbo mmoja ukiisha ngoma hainyamazi. Hushuka tu, ikangoja, na kiongozi akitoa ishara wimbo mwingine huanzia juu ya mapigo yale yale. Tatu, hatua ni za wote. Kijana mgeni akisimama nyuma ya mstari kwa muda mfupi huwa amekwisha kuzishika. Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji umeme au spika kubwa.

Wapo watakaotujibu kwamba mganda ni ngoma na dansi ni dansi. Tunawakumbusha wasomaji wetu kwamba wakubwa wa dansi nchini hawakuona aibu kujifunza kwa ngoma. Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978, iliuita mtindo wake Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Bendi ya chama cha wafanyakazi, iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ikawa JUWATA, kisha OTTU, hatimaye ilijulikana kwa jina la mtindo wake tu, Msondo Ngoma, nalo ni jina la ngoma. Majina yale hayakuwa mapambo. Yalikuwa ahadi kwa mchezaji kwamba humu ndani kuna kitu ambacho mwili wako unakifahamu.

Wenye umri wa kutosha watakumbuka jinsi wimbo wa dansi ulivyojengwa katika siku za marehemu Muhidin Maalim Gurumo, za Hassan Rehani Bitchuka na wenzao. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya maneno. Waimbaji walieleza kisa, cha ndoa, cha deni, cha mtoto asiyesikia, na watu walicheza taratibu huku wakisikiliza, kwa sababu maneno yalikuwa yanawahusu. Kisha ikaja sehemu ya pili, ambayo wanamuziki wenyewe waliiita chemko. Magitaa yakaanza kusukana, tumba zikapanda, ala za kupuliza zikawa zinaulizana na kujibizana, na aliyekuwa ameketi akaona haya kuendelea kuketi. Mchezaji alikuwa na hakika kwamba baada ya ujumbe chemko litakuja, na likija halitakatwa. Santuri ndogo za wakati ule zilichukua kama dakika tatu au nne kwa kila upande, ndiyo maana nyimbo nyingi za bendi zetu zilikatwa kuwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Ukumbini wimbo ule ule ungeweza kwenda robo saa. Urefu wake uliamuliwa na sakafu.

Hapa ndipo tunapoona kosa la kwanza la bendi zetu za leo. Zinapiga wimbo kama ulivyo katika simu ya mkononi. Ukifika mwisho wake wa simu, nazo zinakoma, hata kama ukumbi mzima ndiyo kwanza umeamka. Vijana hawa wamejifunza kwa kukopi, jambo ambalo si baya kwa anayeanza, lakini wamekopi hata mahali pa kusimamia.

Jambo hili halikuanza kwetu. Neno jazz, ambalo bendi zetu zilijibandika tangu Dar es Salaam Jazz ya mwaka 1932, lilitoka Marekani, na huko nako kuna mfano unaofaa kutajwa. Katika mtaa wa Harlem, New York, palikuwa na ukumbi ulioitwa Savoy, uliofunguliwa mwaka 1926 na kufungwa mwaka 1958. Savoy ilikuwa na majukwaa mawili. Bendi moja ilipokaribia kumaliza zamu yake, nyingine ilikuwa tayari imekaa vitini, na muziki haukukatika usiku kucha. Sakafu yake ilikuwa ya mbao zilizosuguliwa, nayo ilibadilishwa kila baada ya miaka michache kwa jinsi ilivyolika kwa viatu. Bendi ya nyumbani kwa miaka mingi iliongozwa na mpiga ngoma, Chick Webb, mtu mfupi mwenye ugonjwa wa uti wa mgongo, aliyefariki mwaka 1939 akiwa bado kijana. Mwezi Mei, 1937, bendi maarufu ya Benny Goodman ilikuja kupambana naye mbele ya umati mkubwa. Goodman alikuwa na jina kubwa zaidi redioni na katika santuri. Lakini mpambano ule ulikuwa ndani ya Savoy, mbele ya wachezaji ambao Webb alizijua hatua zao moja moja, na wengi waliokuwapo walisema kwamba Webb ndiye aliyeshinda.

Hatusemi kwamba Mbinga ijenge Savoy. Tunasema kwamba mpiga ngoma wa Harlem na mpiga ngoma wa mganda wa Liuli walikuwa na siri moja.

Sasa turudi kwetu, na tuseme wazi yale tunayoyaona. Bendi nyingi hupandisha jukwaani wanenguaji wa kukodiwa na mtu wa kupiga kelele katikati ya wimbo. Mtindo huu ulishamiri mwishoni mwa miaka ya 1990 na baadaye, nasi hatuna ugomvi na vijana wanaopata riziki kwa viuno vyao. Lakini matokeo yake yanaonekana. Mwananchi aliyekuja kucheza hugeuka mtazamaji. Huwaona mabingwa wakifanya juu mambo asiyoyaweza, akajiona mzito, akakaa. Bendi iliyolipia wanenguaji wanne imelipa fedha ili watu mia mbili wasicheze! Kama wanenguaji lazima wawepo, basi washuke sakafuni katika nyimbo za mwanzo, wawashike watu mikono, waonyeshe hatua nyepesi, kisha wawaachie wenyewe uwanja.

Kelele nayo imezidi. Spika hupangwa kama ghala la magunia na sauti hufunguliwa mpaka mwisho, hata katika ukumbi mdogo wenye paa la bati. Besi hutetemesha glasi, maneno hayasikiki, na wanaocheza wawili hawawezi kuambizana neno. Muziki wa dansi ni wa watu wawili au zaidi wanaofurahiana. Asiyeweza kumsikia mwenzake huchoka upesi. Tumewahi kuwaona wazee wakiondoka saa nne na nusu, si kwa usingizi, bali kwa masikio. Nao wazee hao ndio waliojua kucheza, na ambao vijana wangewatazama na kujifunza.

Kisha kuna mpangilio wa nyimbo. Bendi nyingine huanza kwa kasi kubwa kana kwamba zinakimbizwa, zikamaliza nguvu zote kabla ya saa sita. Nyingine hupiga nyimbo nne za polepole mfululizo. Mwenye busara huanza na rumba ya wastani ambayo hata mtu mwenye viatu vipya aweza kuicheza, akatazama ni nani wameinuka, akawafuata hao. Wakiwa ni watu wa makamo atawapa rumba nyingine, au chacha. Wakiwa vijana atapandisha mapema. Huongeza kasi ngazi kwa ngazi, na akiona mashati yamelowa hushusha kwa wimbo mmoja wa kukumbatiana, watu wapumue pasipo kuondoka sakafuni. Huo ndio uongozi wa bendi. Kazi hiyo yataka mtu mmoja mwenye mamlaka, anayejua wimbo ufuatao kabla uliopo haujaisha, na ambaye akiinua kidole wenzake wote wanamwelewa.

Wapenzi wa disko watatuambia kwamba mashine yao haina matatizo hayo yote. Kwa sehemu ni kweli, na ni afadhali wanamuziki wetu wakubali ukweli huo. Disko imezishinda bendi kwa jambo moja kubwa, nalo ni kwamba haisimami. Wimbo mmoja huingia ndani ya mwingine, na mtu hapati nafasi ya kukumbuka koti lake. Lakini mashine hucheza kile kilichokwisha kurekodiwa. Haiwezi kuona bibi mmoja pembeni akianza kutikisa bega ikamwongezea mizunguko kumi ya gitaa kwa ajili yake peke yake. Haiwezi kuchukua jina la kijiji na kuliingiza katika kiitikio usiku ule ule. Bendi hai inaweza. Isipofanya hivyo, basi haina sababu ya kumtoza mtu kiingilio kikubwa kuliko cha disko.

Lakini tusiwabebeshe wanamuziki lawama zote. Katika miaka ya 1960 hadi 1980 bendi nyingi kubwa zilikuwa chini ya vyama, mashirika ya umma, jumuiya za vijana na majeshi. Mlimani Park yenyewe ilianza chini ya shirika la magari ya abiria na teksi, ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam mwaka 1983. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Alipata mshahara, na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mfumo ule ulikuwa na dhiki zake, na wanamuziki waliokuwa wakihama kutoka bendi hadi bendi walizijua. Lakini uliwapa kitu kimoja ambacho leo ni adimu, yaani siku za juma za kufanya mazoezi pamoja. Leo vijana wengi wanaopiga Mbinga hukutana njiani. Mmoja yuko Songea, mwingine Tunduru, wa tatu amekodiwa kutoka bendi nyingine. Malipo yao ni mgao wa fedha za mlangoni, baada ya mwenye ukumbi, mwenye jenereta na mwenye vyombo kuchukua zao. Tusishangae basi kwamba katikati ya nyimbo wanabishana. Hawajapata nafasi ya kubishana kabla.

Kwa hiyo tunawaambia wenye kumbi na wanaoandaa madansi: msiilete bendi kwa usiku mmoja. Barabara ya lami kati ya Mbinga na Mbamba Bay, ya kilomita zipatazo 66, imefanya safari ambayo zamani iliua magari na kuvunja migongo kuwa safari ya kawaida. Bendi moja yaweza kupiga Mbinga mjini Ijumaa na Jumamosi, ikateremka ziwani Jumapili alasiri, ikarudi. Wenye kumbi watatu wakikubaliana, watu hawa watapata juma moja au mawili ya kazi ya uhakika, malazi, na asubuhi za kufanyia mazoezi. Nao wenye ukumbi watapata bendi inayojua ni wimbo gani uliowainua watu juzi.

Na sakafu zitengenezwe. Tumeona uwanja wa dansi wenye mashimo, tumeona mwingine ambao vumbi lake hufika jukwaani, na mwingine ambao meza zimesogezwa kwa ajili ya wauza vinywaji hata pakabaki nafasi ya jozi sita. Mwenye ukumbi anayeweka meza mahali pa kuchezea anadhani ameongeza mapato. Ajaribu kuhesabu: mtu anayecheza husikia kiu, na hukaa mpaka alfajiri.

Kwa halmashauri zote mbili, ya Mbinga na ya Nyasa, tunalo ombi la heshima. Amani ya usiku ni lazima ilindwe, na wagonjwa na wanafunzi walale. Hatutetei kelele karibu na hospitali. Lakini vibali na ada vikizidi kiasi, hufa kwanza bendi, kwa kuwa ina watu kumi wa kulisha, na disko yenye watu wawili hubaki. Marekani walijifunza hivyo kwa hasara. Mwaka 1944 serikali yao iliweka kodi ya asilimia 30 kwa kumbi zenye dansi na burudani za jukwaani. Mwaka ule ule iliteremshwa hadi asilimia 20, lakini wenye kumbi wengi walikwisha kuona kwamba njia rahisi ya kuikwepa ni kupiga marufuku kucheza. Wanamuziki wakazoea kupiga mbele ya watu walioketi. Kodi ile si sababu pekee ya bendi kubwa za swing kuanguka. Kulikuwa na vita na mambo mengine. Lakini ilisaidia kuzizika.

Tunalo pia neno kwa vijana wa mwambao. Marehemu Kapteni John Komba, mtoto wa Lituhi, aliyefariki Februari 2015 akiwa Mbunge wa Mbinga Magharibi, aliliongoza kundi la Tanzania One Theatre, lililoanzishwa mwaka 1992, ambamo kwaya, ngoma, taarabu na dansi vilikaa chini ya paa moja. Mtu aweza kukubali au kukataa siasa za kundi lile, lakini hakuna atakayebisha kwamba alijua kuushika umati. Hatuoni kwa nini vijana wa leo wa Mango, Lundu, Kihagara au Mbamba Bay, ambao wana mganda miguuni na kioda ya mama zao masikioni, wakishika magitaa wapige kama watu wasiotoka mahali popote. Mapigo ya ngoma kubwa ya mganda yangekaa vizuri chini ya besi. Lizombe ya Wangoni nayo ipo, jirani tu. Wajaribu. Wakikosea watu watacheka, lakini watacheka wakiwa wamesimama.

Jambo la mwisho ni dogo, nasi tunalitaja kwa sababu limewatia hasara watu wengi. Bendi ikitaka kupiga ziwani isifuate tarehe za mishahara ya mjini. Iulize wavuvi. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na katika majuma hayo mwanamume mwenye nguvu za kucheza hayupo nyumbani. Mbalamwezi inapokuwa kubwa mitumbwi hupumzika, nyavu huanikwa, na fedha za mauzo zimekwisha kuingia. Tuliwahi kuwa Mbamba Bay usiku ambao bendi kutoka mbali ilikuwa imebandika matangazo mazuri ya rangi. Ilipiga vizuri. Ukumbini walikuwamo walimu watatu, madereva na wauza vinywaji. Na nje, kutoka ufukweni hadi macho yalipokomea, ziwa lilikuwa limejaa taa za wavuvi.